Siku Niliyosema Sina Mtoto

Mwanangu alinikana mbele ya wageni kumi na wanne, saa nne asubuhi, kwenye ghorofa ya tatu ya jengo ninalolitazama kila siku nikishona. Nimeanza na hilo ili asiye na muda aishie hapo. Mwenye muda aendelee, maana kuna la pili, na hilo la pili ni langu mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Sikusoma. Nalisema mapema kwa sababu watu wakiligundua katikati ya mazungumzo hubadilisha sauti, wakaanza kuniongelesha polepole kama mgonjwa. Haya ninayasema kwa mdomo, na anayeyaandika ni jirani yangu wa barazani, mpiga chapa mstaafu anayewajazia watu fomu na kuwaandikia barua za maombi. Mtaa mzima tunamwita Mama Chapa. Nilipomtajia sentensi ile ya kwanza aliacha kupiga, akaniangalia juu ya miwani.

"Niandike hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

"Mtoto huyo nimemwona akitambaa chini ya meza hii."

"Ndiye huyohuyo. Andika."

Fundi asiyejua kuandika ana shida moja: wateja thelathini, vipimo vya watu thelathini, na kichwa kimoja cha kuvibeba. Namba za kwenye futi nazijua kwa macho, naziandika kama ninavyoziona. Majina ndiyo yaliyonishinda. Kwa hiyo kila mteja nilimpa alama yake, nikaichora juu ya kikaratasi na kukibana na pini kwenye kitambaa chake. Mwalimu asiyeacha mwavuli hata kiangazi nilimchorea mwavuli. Mama mmoja anayefika kabla sijafungua mlango nilimchorea jogoo, na siku alipojua aliniambia angependa kuku kuliko jogoo, nikamwambia kuku hapigi kelele kama zako. Bega lilikuwa mwezi mchanga, kiuno mistari miwili iliyobanana, urefu wa mguu fimbo. Kazi ya haraka niliichorea moto. Ya kungoja, jiwe. Miaka ishirini na sita sijawahi kumpa mtu nguo ya mwenzake.

Mtoto nilimpata mmoja. Baba yake alitoka asubuhi moja kwenda kununua sindano za cherehani, na nadhani mpaka leo bado anazichagua. Nilimlea mtoto hapahapa barazani, ndani ya boksi la vitambaa. Alipokuwa na miezi tisa alishika kijiko akakataa kukiachia, akalala nacho, akaoga nacho, ukimnyang'anya analia mpaka watu wa ng'ambo wanauliza kuna nini. Jina la Kijiko likamganda. Alama yake kwenye vipimo vyangu ikawa kijiko, na kila sare ya shule niliyomshonea nilitia kijiko kidogo cha uzi mwekundu chini ya ukosi, isipotee kwa wenzake. Kabla hajajua herufi hata moja alikuwa anasoma vikaratasi vyangu vyote. "Mama, jogoo kaja." "Mama, mwavuli anataka moto." Mwalimu mwenyewe alikuwa wa kwanza kuniambia kwamba yule mtoto ana macho, nimpeleke shule mapema. Nikampeleka, na sikumtoa mpaka alipomaliza kusomea kompyuta.

Jengo la ng'ambo wakati huo lilikuwa ghala la magunia. Panya wake walikuwa wateja wangu wa usiku. Kisha wakaja watu, wakang'oa mabati, wakaweka vioo, wakapitisha nyaya chini ya barabara na kutuachia shimo mlangoni miezi minne. Vijana wenye vitambulisho shingoni wakaanza kuingia na kutoka na vikombe vya karatasi. Ilianza kampuni moja, leo ziko kumi na moja. Redioni wanasema uchumi unakua kwa teknolojia. Mimi huko kukua nilikuona kwenye nguo. Kwanza zilikuja suruali za kubana chini, halafu mashati ya kupunguza ubavu, halafu asubuhi moja makoti matano kwa mpigo, yote yapigwe pasi kabla ya saa tatu, kwa sababu wawekezaji wanakuja. Nikajua neno wawekezaji kabla ya kujua wanawekeza nini.

Kijiko alipopata kazi kwenye moja ya kampuni hizo nilimshonea koti. Rangi ya bluu iliyokolea, bitana ya hariri, ukosi uliokaa shingoni kama umezaliwa nao. Siku nne sikushika kazi ya mtu mwingine. Chini ya ukosi nikatia kijiko chekundu, ingawa alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Alikipapasa kwa kidole, akacheka, akasema, "Mama, sasa nani ataniibia koti?"

Kampuni yao ilikuwa inatengeneza programu ya simu kwa ajili ya mafundi wasiojua kusoma: washonaji, maseremala, watengeneza viatu. Uandikishe mteja, vipimo vyake, siku ya kuja kuchukua. Shida ni kwamba waliijaza maandishi. Mafundi waliiweka kwenye simu asubuhi, jioni wakaitoa. Kijiko alirudi nyumbani siku moja amenyong'onyea, akaniambia wawekezaji wasipoona watu wanaitumia, kampuni inafungwa. Alikuwa ameegemea meza yangu ya kukatia. Akaona kikaratasi chenye jogoo, mwezi mchanga na moto. Akakitazama kama hajawahi kukiona, naye kalelewa nacho.

"Mama, naomba niende na hili kopo la vikaratasi."

"Nenda nalo, ila lirudi kesho. Jogoo asije akavaa suruali ya mtu."

Baada ya wiki tatu jogoo alikuwa ndani ya simu. Moto upo, jiwe lipo, mwezi wa bega upo, na kitufe cha kuhifadhi kazi yako ni kijiko. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sitaki mtu aseme hapa niliibiwa. Nilitoa kwa mkono wangu, na ningetoa zaidi. Kila jioni alinikalisha na ile simu, bonyeza hapa, rudi pale, mpaka nikaiweza, ya picha na hata ile ya zamani ya maandishi. Kwenye hiyo ya maandishi, kitufe cha kuhifadhi, kile cha kijani, nilikijua kwa mazoea tu.

Siku moja kabla ya wageni, wale wawekezaji, kuja, alinifuata barazani.

"Mama, nina ombi, usinikatalie."

"Sema kwanza nilisikie."

"Wale mafundi wawili tuliowaandaa, mmoja amelazwa, mwingine simu haipatikani. Wageni wanataka kumwona mtu asiyesoma akiitumia mbele yao. Njoo wewe."

"Si nitakuja! Gauni nimemaliza juzi, lile la vifungo vya kitambaa. Nilikuwa sijui nitalivaa wapi."

Akaangalia chini. "Vaa hilohilo la kazini, mama."

"Lenye chaki?"

"Lenye chaki. Na kuna sheria moja. Ndugu wa mfanyakazi haruhusiwi kufanya majaribio. Wanasema ndugu atasifia tu. Wakijua wewe ni mama yangu, kazi ya mwaka mzima itaonekana ya kupanga. Kwa hiyo kesho mimi sikujui, na wewe hunijui. Ni saa moja tu."

Nikacheka. Nilidhani tunacheza, kama alipokuwa mdogo anajifanya mteja. "Nikuite nani, bibie?"

"Usiniite."

Akaniambia nitapewa kwanza ile ya maandishi, kisha ya picha. "Ile ya kwanza usiiharakishe. Ishindikane."

"Yaani nijifanye sijui?"

"Mama, si hujui kusoma? Hutakuwa umesema uongo."

Hilo lilinichoma, lakini nikasema sawa. Nilikuwa nataka kumwona mwanangu akiwa kazini. Hamu hiyo ilinizidi nguvu.

Kesho yake alinipokea mkurugenzi mwenyewe, kijana mmoja wa raba nyeupe zisizojua vumbi. Moyoni mwangu nikamwita Raba. "Karibu sana mama, jisikie nyumbani," aliniambia, neno moja moja, kwa ile sauti ya mgonjwa. Kijiko alisimama nyuma yake na koti la bluu. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyepanda lifti moja nawe.

Walinikalisha kwenye kiti katikati ya chumba, kamera juu ya mikono yangu. Ukutani vidole vyangu vilitokea vikubwa kama michi, na matundu yote ya sindano. Wageni kumi na wanne, niliwahesabu. Nikapewa simu yenye maandishi.

Hapa ndipo linaanza la kwangu. Nilitumwa nishindwe, nikashindwa. Lakini nilishindwa vizuri kuliko nilivyotumwa. Niligusa pasipohusika. Niliigeuza simu juu chini. Kisha nikakifuta kioo kwa pindo la gauni, kama vile herufi ni vumbi litakalotoka. Hilo la kufuta hakunituma mtu. Nilisikia wakicheka chinichini, kicheko cha huruma, na nikaona nimepatia, nikafuta tena. Mwanamke wa umri wangu, fundi wa miaka ishirini na sita, nachekesha watu kwa ujinga wangu ili wampende mwanangu. Nikilikumbuka hilo pindo la gauni uso unanishuka hata nikiwa peke yangu.

Nikapewa ya picha. Vidole vikakimbia vyenyewe. Jogoo, mwezi, fimbo, moto, kijiko, nimemaliza. Walipiga makofi wakasimama, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mgeni mmoja mwanamke, nywele fupi nyeupe, alikuja mpaka kwenye kiti changu. Hakujua lugha yetu, kwa hiyo Kijiko akasimama kati yetu kutafsiri. Yule mama alishika mkono wa koti la Kijiko kwanza, akalisifia, hata mimi nilielewa anasifia. Wakaongea kidogo. Kisha Kijiko akanigeukia.

"Mgeni anauliza, wewe kama fundi, unaweza kushona koti kama hili nililonunua?"

Nililonunua. Lilimtoka mdomoni bila kukwama. Mshono ule naujua kama njia ya nyumbani, na kijiko chekundu kiko chini ya ukosi, shubiri moja tu kutoka mkono wa yule mgeni.

"Mwambie hapana," nikasema. "Hilo la kiwandani. Sisi wa barazani hatufiki huko."

Akatafsiri. Mgeni akatikisa kichwa, akauliza tena. Safari hii Kijiko alikawia kidogo, na macho yake yakaenda kwenye zulia.

"Anauliza, una mtoto anayeweza kukusomea nyumbani?"

Nikangoja. Nilimpa nafasi. Angeweza kusema lolote, angeweza hata kukohoa. Raba alikuwa hapo na daftari, kalamu iko tayari. Wote wakanitazama mimi.

"Sina," nikasema. "Sina mtoto."

Akatafsiri kwa maneno mawili matatu, sauti safi kabisa. Mgeni akaniwekea mkono begani, macho yamemjaa maji. Raba akaandika. Nikashuka kwa ngazi, sikuitaka tena lifti yao.

Mtaji walipata. Ulitajwa redioni. Kijiko akapandishwa cheo, akapewa chumba chenye mlango wake. Baada ya miezi miwili mafundi wa matangazo wakaja na ngazi na turubai kubwa, wakalitandaza ubavuni mwa jengo, upande wa kwetu. Nikaona uso wangu, mkubwa kuliko baraza lote, nimeshika simu, chaki kifuani. Chini kuna maandishi.

"Wamesemaje hapo?" nikamuuliza Mama Chapa.

"Matangazo tu."

"Mama Chapa. Nisomee."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "'Hakuwahi kwenda shule. Hana mtu wa kumsomea. Sasa ana sisi.'"

Kwa hiyo sasa kila anayepita anasoma kwamba sina mtu, nami nimekaa chini yake nashona. Aliyewahi kufika alikuwa Jogoo, kama kawaida yake.

"Mwenzangu! Kijiko tulimzika lini? Mbona hatukuambiwa, tukaja hata kufagia uwanja?"

"Acha utani, hilo ni tangazo."

"Tangazo la msiba." Akacheka, kisha akaniona uso, akaufunika mdomo kwa khanga. Hilo liliniuma zaidi.

Kijiko alikuja nyumbani Jumapili na cherehani ya umeme ndani ya boksi. Boksi bado halijafunguliwa, nalitumia kuwekea pasi. Nilimwambia nataka ile picha ishushwe, na maneno yale yafutwe.

"Itatolewa, mama. Awamu ya pili ya mtaji ikishaingia."

"Na kabla ya hapo?"

"Nikisema sasa, watasema tuliwadanganya. Watu arobaini watakosa kazi. Unataka watu arobaini wakose kazi?"

Nilimpakulia chakula, akala, akaondoka. Mlangoni aligeuka kama anataka kusema kitu, akasema, "Funga vizuri, mama."

Sasa nakuja kwenye koti. Mwezi uliopita, saa sita mchana, nimeinamia cherehani, nikaona vivuli viwili mlangoni. Kijiko na Raba. Koti la bluu kaliweka mkononi, mshono wa mkono wa kushoto umeachia.

"Habari za kazi, fundi," alisema mwanangu.

Fundi. Mama Chapa alikuwa anapiga fomu ya mtu, mashine yake ikanyamaza.

"Nzuri," nikasema. "Leta nione."

Raba akanitambua, akafurahi kweli kweli, yule kijana hana ubaya. "Mama yetu wa picha! Umeshakuwa maarufu!" Nikasema nimekuwa. Nikachukua kikaratasi, nikachora alama ya mteja kama ninavyomchorea kila mtu, nikabana kwa pini. Mkono ulijichorea wenyewe. Kilikuwa kijiko.

Raba akainama, akatoa macho, akaangua kicheko. "Ona! Ona hapa! Fundi, umeiga alama yetu!" Akamshika Kijiko bega. "Umeona? Ndiyo maana nawaambia wawekezaji hii kitu inaingia kwenye maisha ya watu. Ameitoa kwenye programu akaileta kwenye karatasi!"

Nikamtazama mwanangu. Ilikuwa rahisi kuliko siku ile. Hapakuwa na wageni, hapakuwa na kamera. Palikuwa na baraza alilotambaa, na Mama Chapa, na boksi la vitambaa. Angegeuza ukosi tu, asingehitaji hata kusema. Alifungua mdomo. Niliona akiufungua.

"Ndiyo," akasema. "Wanajifunza haraka."

"Njoo Jumatano," nikamwambia.

Walipovuka barabara Mama Chapa alisimama. "Nimwite? Niache niseme mimi. Nina sauti ya kutosha jengo zima."

"Ukisema wewe, atakuwa hajasema yeye. Kaa."

Jumatano hakuja. Alimtuma mfagizi wa ofisi, nikamrudisha mikono mitupu. Nikamwambia mwenye koti aje mwenyewe, ni lazima alijaribu mwilini. Jumatano ya pili hakuja, wala ya tatu. Awamu ya pili ya mtaji imeshaingia, niliisikia redioni nikiwa napiga pasi, na wameajiri wengine ishirini. Picha bado iko. Mvua imeanza kuichuna upande wa jicho.

Raba simdai. Hakujua, na asiyejua utamlaumu nini. Yule mgeni wa nywele fupi simdai pia, ingawa huruma yake ilikwenda pasipostahili.

Nadaiwa mimi. Nilisema sina mtoto, kwa mdomo wangu, bila kushikiwa kisu, na nilifuta kile kioo mara mbili ili nipendeze. Kwa hiyo nalirudisha hapa, kwa maandishi ya Mama Chapa: ninaye. Ni mmoja, nilimzaa, nilimsomesha kwa mguu huu unaokanyaga pedali, na alama zilizo kwenye simu zenu alijifunza kwangu kabla ya herufi. Wale kumi na wanne hawajalisikia hili, na aibu haijanitoka. Lakini la kwangu nimelianza.

La Kijiko bado. Koti lake limeshonwa, limepigwa pasi, limetundikwa msumari wa pili kutoka mlangoni, ukosi nimeugeuza juu ili chini yake paonekane. Anadaiwa avuke barabara mchana na aliyekuja naye siku ile, alivae mbele yake, na amwambie kijiko hicho ni cha nani na kimeshonwa na nani. Namngoja yeye mwenyewe. Mfagizi asitumwe tena.